Nyapara Aliyevunja Ukuta

Kabla sijamjua kwa uso nilimjua kwa kikohozi. Nilipoolewa na kuletwa Mtaa wa Chini, kila asubuhi nilisikia mtu akikohoa nje, akinyamaza kidogo, kisha hatua zikipita nyuma ya nyumba yetu kuelekea chooni. Nikamuuliza mume wangu kama baba yake ana ugonjwa wa kifua. Akacheka.

"Hana ugonjwa. Anakuambia anapita, ujifunike."

Watu wa mji walimwita Nyapara. Alikuwa amesimamia wachumaji wa chai katika mashamba makubwa ya Kericho kwa miaka mingi, na alipostaafu akahamia mji wetu mdogo kando ya mto, upande wa Sotik, akajenga nyumba yake na nyumba ya mwanawe bega kwa bega. Mke wake alikuwa ameshafariki. Mimi nilimwita Baba. Yeye aliniita "mama wa huko ndani", hata kabla sijapata mtoto.

Siku ya kumzika watu walisema mengi, mengine mazuri, mengine ya kuchekesha. Mimi sikusimama. Mkaza mwana hasimami kumsifu baba mkwe mbele ya watu, na isitoshe mimi si msemaji. Shule niliiachia darasa la saba. Kwa hiyo nayaandika hapa, polepole, jinsi ninavyoyajua.

Yeye alikuwa Mkisii, mimi ni Mkipsigis. Kwetu pia wakwe huheshimiana, na kuna mambo ambayo hayasemwi mbele yao. Lakini kwao heshima hiyo, ambayo wanaiita chinsoni, ilikuwa na mipaka kama ya shamba. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakai kitandani kwake. Hamwoni mkaza mwana akiwa hajavaa sawasawa, na akimwona kwa bahati mbaya, hilo ni jambo la aibu kubwa kwa wote wawili, wala halitajwi. Mume wangu alinieleza haya wiki ya kwanza, huku akichezea kofia yake. Nilidhani anazidisha chumvi. Hakuwa anazidisha.

Tuliishi majirani wa ukuta kwa ukuta, na bado nikawa namjua mtu huyu kwa vipande. Nilimpikia ugali na mboga, nikaweka sahani juu ya kigoda kati ya nyumba zetu mbili, nikaita, "Baba, chakula," nikarudi ndani. Alipomaliza aliosha sahani mwenyewe na kuirudisha kwenye kigoda ikiwa imefunikwa kifudifudi. Kama chumvi ilizidi, alisema kwa sauti kwa kuku: "Leo nyinyi mtakunywa maji mengi." Nami nilielewa. Kama nilipika vizuri hakusema kitu, ila sahani ilirudi haraka.

Sauti yake nyingine, ile ya shambani, niliisikia sokoni. Huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakuweza kupita mahali watu wanafanya kazi bila kuwasimamia. Aliwasimamia waliokuwa wakichimba mtaro wa kaunsili, aliwasimamia wapakiaji wa viazi, aliwasimamia hata wenye kupanga viti vya harusi ambayo hakualikwa. Neno lake lilikuwa "majani mawili na chipukizi," yaani kile kinachochumwa kwenye mche wa chai na si zaidi. Mhubiri akihubiri kupita kiasi, alitoka nje akinung'unika, "Majani mawili na chipukizi yalitosha. Huyu amechuma mpaka kuni."

Jirani yetu mmoja, Mkipsigis mwenzangu, aliuza maziwa na nyanya pale sokoni. Sisi tulimwita Mama Maziwa. Ndiye peke yake aliyemjibu.

"Mama, nyanya zako mbovu umezificha chini," Nyapara akamwambia siku moja.

"Nimezificha wewe usizione! Ona sasa, umetangazia soko zima."

"Mimi nakusaidia."

"Nisaidie kwa kununua. Au huko Kericho mlikuwa mnalipwa kwa kelele?"

Watu walicheka, naye akacheka, akanunua zile mbovu zote. Nilizikuta kwenye kigoda jioni, zimekatwa sehemu zilizooza, zimeoshwa.

Alikuwa mzee wa kanisa pia, na huko ndiko kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukielewa vizuri. Akisimama mbele alisema mila za zamani ni magugu: ukikata majani zinachipuka tena, lazima ung'oe na mizizi. Alisema hivyo mbele ya watu wa kwao na watu wa kwetu, bila kuogopa. Kisha alirudi nyumbani, akafika kwenye kona ya nyumba yetu, akakohoa. Mume wangu alimtania mara moja, akimwita baba kwa lugha yao: "Tata, hii ya mlango mbona hujaing'oa?" Akamjibu bila kutabasamu, "Hiyo sikuipanda mimi."

Ile miaka ya mapigano ya mpakani kati ya watu wa kwao na wa kwetu, upande wa Chepilat, watu wengi wa kwao walifunga virago wakaondoka mjini. Yeye hakuondoka. Alikaa mbele ya nyumba yake mchana kutwa akitengeneza kikapu ambacho hakikwisha. Wazee wawili wa kwetu walikuja kumwambia aende kwa muda, kwa usalama wake. Nilisikia nikiwa ndani. Akasema, "Nikienda Kisii wataniambia mimi ni mtu wa Kericho. Nikikaa hapa mnaniambia mimi ni mtu wa Kisii. Basi wacha nikae mahali kitanda changu kipo." Wale wazee walikaa naye mpaka jioni. Mimi nilipeleka chai, nikaiweka kwenye kigoda.

Kisha ikaja mvua ya El Nino.

Wale waliokuwa wadogo wakati huo hawajui mvua ile ilivyotufunga. Haikuwa mvua ya kupiga na kuondoka. Ilikaa kama mgeni ambaye hana pa kwenda. Barabara ya Sotik ilikatika, na ile ya Bomet ikawa matope ya kumeza lori. Malori ya majani chai hayakupita, na kwenye vibanda vya kupimia majani magunia yalikaa mpaka majani yakawa kahawia na kutoa joto kama kitu kilicho hai. Wakulima wakaambiwa wasichume. Gari la maziwa nalo halikuja. Mama Maziwa alijaza vibuyu vyote vya nyumbani kwake maziwa ya kugandisha, ile mursik yetu, na vibuyu vilipokwisha akagawia mtaa mzima bure huku akitukana mawingu.

Mume wangu alikuwa kazini katika kiwanda cha chai karibu na Kericho, na hakuweza kurudi. Mimi nilikuwa nimejifungua mtoto wa kike siku chache kabla, nyumbani, mikononi mwa Mama Maziwa. Kuzaa kwenyewe kulikuwa kugumu, na bado sikuweza kusimama vizuri.

Alasiri ile maji yalipokuja, kwetu hapakuwa na mvua. Hilo ndilo lililotudanganya. Jua lilikuwa limetoka, watu wameanika nguo. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu msituni, na mto ukaileta. Daraja la miguu liliondoka kwanza. Nilisikia mbao zikivunjika. Kisha nikasikia watu wa Mtaa wa Chini wakipiga kelele na kukimbilia kilimani. Mama Maziwa alikuwa juu kwa ndama wake. Kabla sijafika ukingoni mwa kitanda, maji yalikuwa yameingia chini ya mlango na kuusukuma ukafunguka, ya rangi ya chai ya maziwa, yakiwa na majani na kandambili ya mtu.

Nitasema ilivyokuwa. Nilikuwa najiosha wakati ule, na nguo zangu zilikuwa kwenye beseni. Beseni likapinduka. Leso moja iliyobaki kavu nilimfungia mtoto, nikapanda naye juu ya meza. Mimi mwenyewe sikuwa na kitu mwilini.

Nikamsikia dirishani. Dirisha letu lilikuwa la mbao, na ubao mmoja ulikuwa umelegea. Alisema, "Mama wa huko ndani!" Kisha akanyamaza. Nikasikia akirudi nyuma ndani ya maji.

"Baba, mlango uko wazi! Ingia!"

Nikasikia hatua zake majini, hazielekei mlangoni.

"Baba! Maji yamefika kwenye meza. Ingia umchukue mtoto!"

"Siwezi kuingia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya shambani, lakini ilitetemeka. "Kaa mbali na ukuta wa nyuma."

"Mlango uko wazi!"

"Nimesikia. Kaa mbali na ukuta wa nyuma."

Nikasikia jembe. Ukuta ule ulikuwa wa fito na udongo, umepakwa saruji kwa nje, na alikuwa ameujenga yeye mwenyewe akausifu kwa mwaka mzima. Alipiga, akapiga. Maji yalikuwa yakipanda, mtoto analia, na mimi nilikuwa juu ya meza nikitazama mlango uliokuwa wazi, ambao mtu mwenye nguvu angeweza kuupita akanitoa, na nikamchukia. Siwezi kusema vingine. Nilimchukia kwa roho yangu yote. Nilimwita majina ya kwetu ambayo natumaini hakuyajua.

Udongo ukaanza kumeguka. Mwanga ukaingia, kisha ncha ya jembe, kisha mkono wenye koti la mvua.

"Vaa hili."

Nikavaa. Alikuwa ameupa ukuta mgongo. Nikamnyoshea mtoto kupitia tundu, akampokea kinyumenyume bila kugeuka, akamweka ndani ya shati lake. Kisha akapitisha mpini wa jembe.

"Shika mpini. Usinishike mimi. Shika mpini."

Hivyo ndivyo alivyonitoa na kunipandisha kilima, mtoto kifuani mwake, mimi nyuma nimeshikilia mpini kama ng'ombe anayepelekwa josho. Hakugeuka hata mara moja. Tulipofika juu, Mama Maziwa akanifunika blanketi. Nikatazama chini. Tundu la ukuta lilikuwa limeyapa maji njia. Yaliingia kwa mlango na kutokea nyuma, yakisukuma, na nyumba yetu ikainama, ikakaa chini, ikaenda. Nyumba za majirani, zote katika mstari ule, zilibaki zimesimama ndani ya maji. Hata yake.

Tuliokimbia maji tuliwekwa shule ya msingi. Kila darasa lilikuwa na familia kadhaa, na turubai za kutenganisha. Yeye alipangiwa darasa letu. Alichukua mkeka wake akalala barazani kwa muda wote tuliokaa pale, kwenye baridi ile, akikohoa kila alipopita dirishani. Sasa kikohozi kilikuwa cha kweli pia. Watu wa msaada walileta mahindi, maharagwe na mablanketi, na yeye, bila kuombwa, akasimamia foleni. Akapanga akina mama wenye watoto wachanga mbele. Mimi akanipita kama hanioni, lakini gunia langu lilijaa.

Maji yaliposhuka, mji ulianza kujitengeneza. Watu walikwangua matope kwa majembe na sahani, wakaosha kuta, wakafungua milango ili nyumba zikauke. Alama ya maji ilibaki ukutani kama mstari wa rula, na wengine waliipaka chokaa. Vijana walifunga magogo kwa nyaya kuvuka mto. Soko likarudi, kwanza chumvi na viberiti, kisha nyanya. Kila familia iliondoka shuleni na kurudi kwake. Sisi hatukuwa na kwetu, na mkaza mwana halali nyumbani kwa baba mkwe.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwenye baraza la chifu, mtu mmoja alisimama akauliza kwa nini Nyapara alibomoa nyumba ya mwanawe wakati nyumba zote zimesimama.

Akainuka. "Nilivunja. Ni kweli." Akakaa.

"Na mlango ulikuwa umeenda wapi, Nyapara?"

Watu wakacheka. Kuanzia siku hiyo, akifika dukani, kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Karibu mzee, au tukutobolee ukuta?" Yeye ambaye alikuwa na jibu kwa kila mtu alichukua alichonunua akaondoka. Mama Maziwa peke yake ndiye aliyewafokea: "Nyinyi mlikimbia na magodoro. Yeye alitoka na watu wawili. Nyamazeni." Watu wa kwao hawakucheka. Kwao, baba akibomoa nyumba ya mwanawe, ni kama kumwambia si mwanangu tena.

Mume wangu aliposikia haya njiani, kabla hata hajatufikia, alikuja amevimba. Alimbeba mtoto, akalia kidogo, kisha akaenda kwenye baraza ya shule, kwa baba yake.

"Tata, kwa nini ulivunja nyumba yangu?"

"Mke yuko hai?"

"Nimeuliza nyumba."

"Mimi nauliza mke. Na mtoto?"

"Kwa nini hukuingia kwa mlango?"

Mzee alitazama uwanja wa shule.

Mume wangu alitupangia chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la mbolea, akarudi kiwandani. Aliapa kwamba hatajenga tena mahali popote mpaka baba yake aje amwambie sababu kwa mdomo wake. Nilimwambia ni chinsoni. Alisema, "Mtu akifa maji, chinsoni itamsaidia nini? Si yeye alihubiri tung'oe? Hapana. Kuna kitu anaficha. Labda hakunitaka." Nilimwambia tena, akaniambia namtetea. Alikuja mara chache.

Nikaishi hapo. Harufu ya mbolea iliingia mpaka kwenye unga. Mchana mabati yaliungua, asubuhi yalitoa maji kama mgonjwa. Hapakuwa na dirisha. Nikifungua mlango niliona chini kule mtaa wetu ukiwa umepakwa rangi upya, moshi unatoka, na pengo moja katika mstari. Sikuweza kwenda kwa wazazi wangu, maana wangesema mume ameniacha. Sikuweza kwenda kiwandani, maana chumba cha mume wangu kilikuwa cha wanaume wanne. Nyapara alikuwa anakohoa nje asubuhi, anaacha kabichi au kuni mlangoni, anaondoka. Niliwaza: wanaume wawili wamekaa kila mmoja upande wake, na mimi ndiye niliyewekwa katikati kama ile turubai. Neno moja tu lingetutoa pale, na mwenye neno hakutaka kulisema.

Mtoto alikuwa ameanza kutembea nilipoambiwa na Mama Maziwa, "Enda uone mzee wenu anafanya nini huko juu. Atajiua."

Sikujua kwamba alikuwa na shamba. Kumbe alikuwa amenunua kipande kidogo kilimani, mbali na mto, na maisha yake yote aliyosimamia chai ya watu wengine yaliishia hapo: mistari michache ya chai yake mwenyewe, iliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Nilimkuta amepiga magoti ndani ya shimo. Nusu ya miche ilikuwa imeng'olewa, imelala mizizi juu. Anayejua mche wa chai anajua kwamba haung'oki kwa mzee mwenye kifua kibovu.

Nilisimama mbali. Nikakohoa.

Aliinua kichwa akashtuka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tulipotazamana bila ukuta.

"Baba, unafanya nini?"

"Mtajenga hapa," akasema. "Maji hayafiki. Mwambie mumeo aje aone."

"Hatakuja. Anataka umwambie kwa nini. Mwambie wewe mwenyewe."

Alifuta matope kwenye mikono, kwa muda mrefu, kidole kwa kidole.

"Nimwambie nini? Nimwambie nilikuona?"

Hapo ndipo nilipojua. Ule ubao uliolegea. Kule kunyamaza kwake. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amechekwa madukani, ameitwa mtu aliyemkana mwanawe, na angeweza kujisafisha kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mimi ndani yake, juu ya meza, bila nguo, na angeisema mbele ya mwanawe, mbele ya chifu, mbele ya soko zima. Uso wangu uliwaka. Wake ulikuwa umeinama.

"Mwambie uliona maji, Baba," nikasema mwishowe. "Mwambie uliona maji ukaogopa."

Akafikiri.

"Niliyaona," akasema. "Na niliogopa. Huo si uongo."

Nilimtumia mume wangu ujumbe kwa dereva wa lori la chai, kwamba baba yake anamhitaji kilimani. Alikuja Jumapili akiwa bado na viatu vya kiwandani. Aliona miche imelala. Alijua maana yake kuliko mimi, maana alikulia katikati ya chai. Hakusalimu. Mimi nilibaki ukingoni mwa shamba na mtoto, lakini nilisikia.

"Niliona maji, mwanangu," mzee akasema. "Nikaogopa. Nikavunja nyumba yako."

Kulikuwa na mche mmoja uliobaki umelegea nusu, mzizi wake mkuu bado umeshika. Nyapara alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Mume wangu alisimama pale, nikadhani ataondoka. Kisha akavua koti, akaingia shimoni, akashika upande wa pili.

"Si hivyo, Tata," akasema. "Vuta ukija kwangu."

Wakavuta.